Sura ya Sita: Kijiji Kisichofikiwa na Gari

Treni inayoondoka Interlaken Ost kuelekea milimani ni treni mbili zilizofungwa pamoja. Zinakwenda zikiwa moja hadi Zweilütschinen, stesheni ndogo iliyo kwenye njiapanda ya mabonde mawili. Hapo hufunguliwa, sehemu moja ikashika bonde la Lauterbrunnen, nyingine ikageukia Grindelwald. Abiria aliyeingia bila kusoma kibao cha behewa hujikuta kwenye bonde lisilo lake, mizigo iko rafuni na saa ya kuripoti hotelini inampita. Anayekwenda Mürren apande behewa la Lauterbrunnen.

Lauterbrunnen iko mita 795 juu ya usawa wa bahari, katikati ya kuta mbili za mawe zilizosimama wima, na maporomoko ya Staubbach yanashuka karibu mita 300 pembeni kabisa mwa nyumba za watu. Mürren iko juu ya ukuta wa magharibi, mita 1,638, kwenye kibaraza cha majani kilichobanwa kati ya genge na mlima. Magari ya kawaida hayafiki. Ukishuka treni unavuka barabara, unaingia kwenye gari la kamba, yaani chumba kinachoning'inia kwenye waya mnene, na dakika chache baadaye uko Grütschalp. Hapo inangoja treni fupi inayopita juu ya genge kwa kilomita nne na ushee hadi kijijini, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1891. Njia ya pili ni basi la kupita bondeni hadi kituo cha Stechelberg, kisha gari la kamba lililozinduliwa Desemba 2024, linalopanda kwa mwinuko wa karibu asilimia 160, mkali kuliko wa gari lingine lolote la kamba duniani. Mwenye hofu ya kwenda juu achague njia ya Grütschalp, akae upande wa mlima.

Nimechagua Mürren kwa sababu karibu kila jambo linalomkuta mgeni katika vijiji vidogo vya mapumziko vya Alps limo humo, iwe anakwenda Wengen iliyo ng'ambo ya bonde hilohilo, au Bettmeralp na Saas-Fee katika jimbo la Valais, vijiji ambavyo navyo vimewaacha wenye magari nje. Wakazi wa kudumu ni 450 hivi. Vitanda vya wageni ni 2,000. Msimu ukikolea, kwa kila mwenyeji mmoja kuna wageni wanne, na bado kuna duka moja kubwa la chakula, kanisa la Kikatoliki, kanisa la Kiprotestanti, na njia mbili kuu unazoweza kuzimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Aliyezoea mapumziko ya pwani, ya Diani au Nungwi, atakuta mambo yamepangwa vingine. Ufukweni mgeni akichelewa kula, jikoni bado yumo mtu. Akitaka mashua, mashua itatafutwa. Kijijini Alps, kalenda, saa na hali ya hewa vimeshapanga siku kabla mgeni hajaamka, na hakuna mwenye hoteli anayeweza kuvipangua. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kwenda ni huu: nenda ukae. Lala huko siku nne, tano, wiki nzima mfuko ukiruhusu. Anayefika asubuhi na kuondoka jioni anaiweka safari yake yote rehani kwa wingu moja, na anaondoka saa ileile ambayo kijiji kinaanza kuwa kijiji.

Sababu ya kwanza ni milima yenyewe. Ng'ambo ya bonde, mbele ya madirisha ya Mürren, imejipanga Eiger yenye mita 3,967, kisha Mönch iliyopita kidogo 4,100, kisha Jungfrau, mita 4,158. Ukiikuta imefunguka huwezi kuelewa inawezekanaje ukuta mkubwa hivyo ufichike. Lakini hufichika. Wingu hupanda kutoka bondeni, likajaa kati ya nyumba na nyumba, ukakosa kuona hata uzio wa ng'ambo ya njia. Linaweza kukaa saa mbili, linaweza kukaa siku mbili. Mwenye siku nyingi husoma kitabu, huogelea kwenye bwawa la ndani la kituo cha michezo, hungoja. Kisha, mara nyingi baada ya mvua au theluji ya usiku, anaamka na kukuta kila kitu kimeoshwa na ukuta uko pale, karibu kuliko alivyowahi kuuwaza. Jioni jua linapotua nyuma ya kijiji, mwanga wake wa mwisho hubaki kwenye uso wa Jungfrau na kuugeuza kuwa wa waridi. Wageni wa kutwa wakati huo wameshashuka bondeni.

Hao wa kutwa ni wengi mno siku hizi. Picha za maporomoko ya Staubbach zimesambaa kwenye simu za dunia nzima, na mwaka 2024 Lauterbrunnen ilifika mahali pa kujadili hadharani kama iwatoze kiingilio wanaokuja na magari yao kwa siku moja. Nawaelewa wenyeji. Mgeni anayelala hulipa tozo ya usiku, hununua mkate dukani, humjua aliyempa chumba. Anayepita kwa saa tatu huacha foleni na takataka. Ukipanga safari hii, kumbuka pia kwamba nafasi yako kijijini inatokana na wewe kuwa miongoni mwa wanaokiweka hai.

Hata hivyo, wageni si jambo la jana hapa. Enzi za kati vijiji vya kibaraza hiki vilikaliwa na wafugaji waliovuka milima kutoka bonde la Lötschental, na kwa karne nyingi maisha yalikuwa ng'ombe, jibini na nyasi kavu za kulishia wakati wa baridi. Reli ya 1891 ililetwa kwa ajili ya watalii wa kiangazi; wakati wa baridi haikuwa ikifanya kazi. Iliyobadilisha mambo ni baridi ya mwaka 1910 kuingia 1911, pale Mwingereza Henry Lunn, mfanyabiashara wa safari, alipoleta wateja wake na treni ikaanza kupanda hata kwenye theluji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, kuanzia 1916 hoteli hizohizo zilipokea wafungwa wa vita wa Uingereza, wagonjwa na majeruhi waliokabidhiwa kwa Uswisi wahifadhiwe hadi vita viishe. Kisha mwana wa Lunn, Arnold, aliweka bendera mbilimbili kwenye mteremko wa Mürren Januari 1922 na kuwataka watelezaji wapite katikati yake wakishindana na saa. Mashindano ya slalom tunayoyaona kwenye Olimpiki yana asili yake hapo. Mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteremka kwa skii yalifanyika kijijini humu. Na tangu 1928 kuna Inferno, mbio za kutoka karibu na kilele cha Schilthorn hadi bondeni theluji ikitosha, ambazo sasa kila Januari huvuta washiriki zaidi ya 1,800. Wiki hiyo usijaribu kutafuta chumba.

Kilele cha Schilthorn, mita 2,970, nacho kina hadithi yake. Gari la kamba lilikifikia mwaka 1967, na mgahawa wake unaozunguka taratibu ulikuwa bado haujamalizika pale watengeneza filamu za James Bond walipoukuta, wakachangia gharama za kuumalizia ili waupige picha. Filamu ilitoka 1969, na jina walilolipa jengo hilo, Piz Gloria, limebaki. Kwenda na kurudi kutoka bondeni kwa bei kamili ni zaidi ya faranga 80 za Uswisi, kwa hiyo fanya wanavyofanya wenyeji: kabla ya kununua tiketi, tazama picha za kamera za kileleni, ambazo huonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni za hoteli na kwenye simu. Kijiji kinaweza kuwa ndani ya wingu huku kilele kinaota jua, na kinyume chake. Usipande kwa kubahatisha.

Kuhusu kimo, msomaji wa Afrika Mashariki asitishwe. Mürren iko chini kidogo ya Nairobi, na mtu wa Lushoto au Mbeya hatahisi tofauti yoyote kifuani. Schilthorn inapita kidogo kibanda cha Mandara kwenye Kilimanjaro, kilicho mita 2,720; Jungfraujoch, stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454, haijafika Horombo. Tofauti ni namna unavyofika. Kilimanjaro unafika Mandara kwa miguu baada ya saa kadhaa msituni, mwili ukizoea taratibu. Hapa unapandishwa na mashine, umetoka kunywa chai bondeni. Kwa hiyo ukishuka kileleni tembea polepole, kunywa maji, na kama kichwa kinauma shuka.

Kinachomshangaza mtu wa kwetu ni mwendo wa jua. Sisi tumezoea mchana na usiku kugawana sawa mwaka mzima. Huko mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Watoto hawataki kulala, na Mwislamu atakuta Isha inaingia karibu na saa sita usiku, jambo la kujipangia mapema kwa ratiba ya eneo husika. Desemba mambo hugeuka: mchana ni saa nane na nusu tu, tena milima huula pande zote mbili, kwa kuwa jua huchelewa kupanda juu ya kingo zake na huwahi kujificha. Anayekwenda Desemba na mipango ya kutwa nzima aipunguze kwa theluthi.

Baridi ni ya kuheshimu, ila inavumilika kuliko inavyosimuliwa. Januari mchana huwa karibu na nyuzi sifuri, usiku ikashuka hadi kumi chini ya sifuri. Julai mchana ni kati ya 15 na 20, usiku unahitaji sweta. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hata Agosti kileleni panaweza kuwa na theluji. Siri ya kuvaa ni nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine: fulana ya ndani ya sufu au ya kitambaa kinachokausha jasho, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini. Iache kwa ajili ya chumbani. Fedha zako nyingi ziweke kwenye viatu. Njia za kijiji wakati wa baridi ni theluji iliyoshindiliwa, na ikiyeyuka mchana huganda usiku ikawa kioo. Viatu vya mjini vyenye soli laini vitakuangusha mbele ya mlango wa hoteli. Nunua buti zenye meno, na kwa mtu mzima ongeza vile vyuma vidogo vya kuvalisha juu ya soli, vinauzwa kwenye maduka ya michezo. Miwani ya jua na krimu si anasa, hata kwa ngozi nyeusi: theluji mpya inaweza kurudisha asilimia 80 ya miale machoni mwako, na macho yaliyoungua kwa theluji huuma usiku kucha.

Nyumba zenyewe ni za joto, zimejengwa kwa mbao na kuzibwa kila ufa. Umeme unapatikana kwenye soketi za Uswisi zenye matundu matatu membamba. Plagi zetu za pini bapa hazitaingia, kwa hiyo beba adapta.

Sasa theluji, maana wengi wetu ndiyo tunayoifuata. Miteremko ya Mürren ni mikali, na kuna sehemu chache tu za kujifunzia. Anayetaka kujifunza skii apange shule ya asubuhi chini ya mwalimu, akodi vifaa dukani, na akubali kuanguka. Lakini kama hujawahi kukanyaga theluji, ningekushauri uanze na sleji, kiti cha mbao kisicho na magurudumu kinachoteleza kwa vyuma viwili. Watoto wa huko hujifunza kabla ya kusoma. Unapanda kwa treni ya mteremko hadi Allmendhubel, mita 1,907, reli iliyojengwa 1912, halafu unashuka kijijini kwa njia iliyotengwa. Kaa nyuma kabisa ya kiti, kamba mkononi, miguu yote miwili ikigusa theluji kwa wepesi pembeni. Ukitaka kukata kushoto, kandamiza kisigino cha kushoto na uegemee upande huo. Kulia vivyo hivyo. Kusimama ni visigino vyote viwili, mgongo nyuma, na theluji itakurukia usoni. Usiinamie mbele kwa woga, maana hapo ndipo sleji inapokukimbia. Mzunguko wa kwanza utapiga kelele. Wa tatu utaanza kuona milima.

Njia nyingine zote, za kuteleza na za kutembea, ziheshimu zikifungwa. Maporomoko ya theluji huua watu Alps kila mwaka, na wengi wanaokufa wako nje ya njia zilizoruhusiwa. Taasisi ya Davos inayochunguza theluji hutoa taarifa kila siku wakati wa baridi, hatari ikipimwa kwa ngazi tano. Mgeni hana haja ya kuwa mtaalamu wa ngazi hizo. Kamba ikiwa imevutwa njiani, geuka.

Kiangazi ni cha miguu, na hapa Uswisi imefanya jambo la kusifiwa kwa moyo wote. Vibao vya njano vya njia za kutembea haviandiki kilomita, vinaandika muda. Muda huo umekokotolewa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa mahali tambarare, mwinuko ukahesabiwa, mapumziko hayamo. Tembea njia moja fupi siku ya kwanza na saa mkononi, uone wewe uko juu ya kibao au chini yake. Baada ya hapo utajua kila kibao kinamaanisha nini kwa miguu yako. Njano tupu ni njia ya yeyote. Mistari myeupe na myekundu ni njia ya mlimani, inayotaka buti na pumzi. Nyeupe na buluu waachie wanaojua kamba na mawe. Wakati wa baridi, njia zilizosafishwa kwa ajili ya watembeao huwekewa vibao vya waridi. Kwa familia yenye watoto au wazee, njia ninayoipenda ni ya kutoka Grütschalp kurudi Mürren kupitia Winteregg, ikifuatana na reli karibu sawia, milima mitatu mkono wa kushoto muda wote. Ukichoka, treni hupita.

Njiani utakutana na ng'ombe wenye kengele shingoni. Ng'ombe mwenye ndama hana urafiki, hasa ukiwa na mbwa, kwa hiyo zunguka mbali, na kila lango unalolifungua lifunge nyuma yako. Utakutana na watu pia, na hapo mtu wa kwetu atajisikia nyumbani, kwa kuwa juu ya mlima kila mtu humsalimia kila mtu. Katika jimbo hili la Bern salamu ni Grüessech. Itamke tu, hata kwa lafudhi ya Tanga, itapokewa. Asikuzuie pia yule atakayekukodolea macho, kwani wageni weusi kwenye vijiji hivi bado ni wachache, na mara nyingi salamu humaliza udadisi. Ndani ya hoteli picha ni nyingine kabisa. Anayekutandikia kitanda anaweza kuwa Mreno, mpishi akawa Mtamil kutoka Sri Lanka, na wote hao wanajua maana ya kuwa mbali na kwao.

Ukishuka kwa miguu dakika 40 hivi unafika Gimmelwald, kijiji kidogo zaidi, mita 1,363, ambako ufugaji bado una sauti kubwa kuliko utalii. Nje ya nyumba za wakulima kuna makabati na friji ndogo za vitu vya kuuza: vipande vya jibini vyenye bei iliyoandikwa kwa mkono, soseji zilizokaushwa, mayai. Muuzaji hayupo. Kuna kisanduku cha fedha. Unachagua, unaweka faranga zako, unafunga mlango vizuri ili joto lisiingie. Hapo ndipo utakapohitaji sarafu na noti ndogo, ingawa kwingine kote kadi hupokelewa. Chukua jibini la mlimani, lile gumu lililotengenezwa kiangazi ng'ombe wakiwa malishoni juu, kata kipande chembamba na uache kiyeyuke mdomoni pasipo mkate. Utasikia ladha ya karanga, kisha ya majani.

Chakula cha hotelini kinatawaliwa na jibini na viazi. Muislamu na asiyekunywa pombe wajue mapema: fondue, sufuria ya jibini iliyoyeyushwa inayochovywa mkate, hupikwa kwa divai nyeupe na mara nyingi huongezwa kileo cha cheri. Raclette ni jibini lililoyeyushwa likamwagwa juu ya viazi vya kuchemsha, na kwa kawaida halina divai ndani yake. Rösti, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, huweza kuja na nyama ya nguruwe, basi uliza. Nyama ya halali usiitegemee kijijini. Interlaken, kwa sababu ya wageni wengi wa Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaokimbia joto la kiangazi chao, ina migahawa ya halali, na ni rahisi kuteremka huko mchana mmoja. Wengine huchukua nyumba ya kupanga yenye jiko na kujipikia. Nafuu yake ni kubwa, maana kikombe cha kahawa ni faranga 5 hivi na fondue ya mtu mmoja kati ya 25 na 35. Maji usinunue. Ya bomba yanatoka mlimani na ni salama, na chemchemi za kijijini nazo pia, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa.

Anayejipikia ajue saa. Duka hufungwa mapema jioni. Jumapili na sikukuu saa hupungua au mlango haufunguliwi kabisa, kutegemea msimu. Majiko ya migahawa huzimwa mnamo saa tatu usiku, na mgeni anayeshuka kwa treni ya mwisho bila taarifa atalala na biskuti. Ikipita saa nne usiku, sauti ishuke. Jumapili hutupi chupa kwenye pipa la vioo, kwa sababu ya kelele. Taka za nyumba ya kupanga huwekwa kwenye mifuko maalumu iliyolipiwa ushuru, ambayo mwenye nyumba atakuonyesha. Mwanzoni haya yote huonekana mengi. Siku ya tatu yameshakuwa mwendo wako, na usingizi wa ukimya ule sijaupata kwingine.

Usalama una mambo mawili ya kulipia kabla ya kuondoka. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Hiyo ni ya kuingilia. Soma masharti yake uone kama inagusa michezo ya theluji na uokoaji wa mlimani, kwa sababu helikopta ya Rega, shirika la uokoaji wa angani, ambayo huitwa kwa namba 1414, ikikutoa mlimani ankara huwa ya maelfu ya faranga na huletwa kwako. Viza yenyewe inaweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, na ubalozi utataka kuona mahali ulipopanga kulala, kwa hiyo weka nafasi ya chumba inayoweza kufutwa bila gharama.

Kuna upepo mmoja wa kuutambua. Huitwa Föhn, hutoka kusini, na ukivuka kilele cha milima hushuka ukiwa mkavu na wa joto. Baridi inageuka ghafla, theluji inayeyuka, milima inaonekana karibu mno, na watu wengi huumwa kichwa. Moto huupenda upepo huu. Meiringen, mji ulio upande wa mashariki wa milima hii, uliteketea mwaka 1879 na tena 1891, na Grindelwald ikaungua 1892. Ukiona wenyeji wanakuwa wakali juu ya sigara au moto wa kuchoma nyama siku ya namna hiyo, wana kumbukumbu yao.

Limebaki swali la lini. Mwaka wa kijiji una misimu miwili: wa theluji, kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili, na wa majani, kuanzia Juni hadi mapema Oktoba. Katikati yake hoteli nyingi hufungwa, magari ya kamba husimamishwa kwa matengenezo, na mgeni aliyevutiwa na bei ya Novemba hukuta milango imekomewa. Theluji ya kijijini yenyewe haina uhakika kama zamani. Barafu ya milima ya Uswisi ilipoteza sehemu ya kumi ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, na kwenye kimo cha mita 1,600 mvua sasa inanyesha hata Januari. Anayefuata theluji aende mwisho wa Januari au Februari, lakini akwepe wiki za likizo za shule, bei zinapopanda. Kwa Agosti mosi, siku ya taifa, kuna mioto juu ya vilima na watoto wanaobeba taa za karatasi njiani, na vyumba hujaa.

Mimi nikiulizwa hujibu Septemba, nusu ya pili. Hewa imetulia kuliko Julai yenye radi za alasiri, njia za juu bado ziko wazi, makundi yameshaondoka, na ng'ombe wanateremshwa kutoka malishoni wakiwa wamevishwa maua vichwani. Hapo ndipo vijiji vya jimbo la Bern vinapogawana jibini la kiangazi, kila mwenye ng'ombe akipata kadiri ya maziwa aliyotoa. Vyumba vya Septemba hupatikana hata ukichelewa kidogo. Vya Februari viwekee nafasi kabla majani ya Septemba hiyo hayajaanguka.